Funguo za Can Batlló: waanakisti wa Barcelona wanavyodumu mtaani

Mwanzoni mwa 2016 iliibuka siri iliyowachekesha baadhi ya watu wa Barcelona na kuwakera wengine. Tangu mwaka 2011 kundi la vijana wasiotaka kusikia habari za serikali, mabenki wala wenye nyumba lilikuwa limekalia tawi la benki lililofungwa katika mtaa wa Gràcia. Walilipa jina la Banc Expropiat, wakawa wanagawa nguo bure, wanafundisha lugha na kuwasaidia watoto kazi za shule. Mwenye jengo alitaka watoke. Kumbe katika mwaka 2015 aliyewakingia kifua alikuwa meya Xavier Trias, mwanasiasa wa mrengo wa wafanyabiashara. Alikuwa akimlipa mwenye jengo kodi ya pango kimyakimya kwa fedha za jiji, kiasi cha Euro 65,000 hivi kwa mwaka. Alikuwa na sababu yake, nitaieleza mbele. Vijana hao walisema hawakujua. Meya aliyemfuata, Ada Colau, mwanaharakati aliyejipatia jina kwa kuzuia familia zisitimuliwe majumbani, alikata malipo hayo, na tarehe 23 Mei 2016 polisi wakawatoa waliokuwamo. Kwa usiku kadhaa Gràcia haikulala.

Kisa hicho kinatuingiza moja kwa moja kwenye swali linalowasumbua waanakisti wa mijini, yaani watu wanaoamini kwamba jamii inaweza kujiendesha kwa kukubaliana, bila mtawala wala bosi: mradi wao unadumu vipi? Maandishi yao yamejaa hoja dhidi ya dola. Lakini jengo lina bili ya umeme, paa linavuja, funguo lazima zikae kwa mtu fulani, na Jumatatu asubuhi lazima mtu afagie. Barcelona inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu imejaribu kwa zaidi ya karne moja, na kwa sababu mengi ya majaribio hayo yamefanyika katika eneo moja, Sants, ambako unaweza kutoka jaribio moja hadi jingine kwa miguu.

Sants ilikuwa kijiji cha viwanda vya nguo kabla ya kumezwa na jiji mwaka 1897. Hapo ndipo, katika kiangazi cha 1918, wajumbe wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CNT, lililoanzishwa Barcelona mwaka 1910 na kuongozwa na fikra za kianakisti, walikutana na kuamua jambo lililoonekana dogo. Badala ya kila ufundi kuwa na chama chake, mwashi kivyake na mpaka rangi kivyake, wote wa sekta moja waingie chama kimoja. Miezi saba baadaye uamuzi ule ulipata mtihani. Kampuni ya umeme iliyojulikana kama La Canadenca, kwa kuwa mtaji wake ulisajiliwa Canada, iliwafukuza makarani wanane. Wenzao wakasimama, wa mitambo wakafuata, jiji likaingia gizani, viwanda na tramu vikakwama. Wachapaji wa magazeti walikataa kupanga herufi za matangazo yaliyowadhuru wagomaji. Serikali iliwaita wafanyakazi jeshini ili iwaamuru kufanya kazi. Walikataa, na wapatao 3,000 wakafungwa katika ngome ya Montjuïc. Baada ya siku 44 kampuni ilisalimu amri, na tarehe 3 Aprili 1919 serikali ya Hispania ikatia saini amri ya siku ya kazi ya saa nane.

Katika kisa hicho mimi huvutiwa zaidi na mkutano wa tarehe 19 Machi katika uwanja wa mapigano ya ng'ombe wa Las Arenas. Umati ulikuwa na hasira, wengi wakitaka kuendelea hadi wafungwa wote watoke. Aliyesimama kuwashawishi warudi kazini alikuwa Salvador Seguí, mpaka rangi wa nyumba. Hakuwa na cheo cha kuwaamuru. Aliwauliza kama wako tayari kupanda Montjuïc kuwatoa wafungwa kwa mikono yao, na kama hawako tayari, basi wakubali makubaliano. Walikubali. Miaka minne baadaye, Machi 1923, wauaji wa kukodiwa walimpiga risasi barabarani. CNT ilikuwa karibu haina viongozi wa mshahara, na nguvu yake ilitegemea watu wa aina hiyo, wanaosikilizwa kwa sababu wenzao wanawajua kutoka kazini. Faida yake ni kwamba hakuna wa kumnunua. Hasara yake ni kwamba mtu wa namna hiyo akiuawa, hakuna ofisi ya kumwajiri mwingine.

Nje ya viwanda kulikuwa na zile nyumba zilizoitwa ateneu: maktaba, madarasa ya usiku, michezo ya kuigiza, matembezi ya Jumapili mlimani kwa familia ambazo hazikuwa na fedha za kwenda kwingine. Francisco Ferrer alikuwa amefungua Shule ya Kisasa mwaka 1901, wavulana na wasichana darasa moja, bila mafundisho ya kanisa. Dola ilimpiga risasi Oktoba 1909, lakini shule za mfano wake ziliendelea kufunguliwa mitaani. Wengi waliokuja kusoma hapo walitaka tu kujua kusoma. Itikadi iliwafikia baadaye, kama iliwafikia. Mwaka 1931 mtindo huohuo ulihamia kwenye kodi ya nyumba. Chama cha wajenzi cha CNT kilidai kodi ishushwe kwa asilimia 40, na maelfu ya familia wakaacha kulipa. Polisi walipotupa fanicha za mtu barabarani, majirani walisubiri waondoke kisha wakazirudisha ndani: kitanda, meza, sufuria, mtoto.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu, au nusu yake. Uanakisti wa Barcelona ulidumu pale ambapo jirani asiye mwanakisti angepata hasara kama ungetoweka. Nusu ya pili ni chungu zaidi, inahusu majengo, fedha na uchovu. Kwa hiyo turuke vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 na miaka 36 ya udikteta wa Franco, ingawa tutarudi 1936 kwa jambo moja, tuingie Sants ya leo.

Tarehe 10 Mei 1997 vijana wa mtaa walikalia jengo la zamani la kampuni ya usafiri wa umma, kando ya reli, wakaliita Can Vies. Kwa miaka 17 lilikuwa makao ya gazeti la mtaa, La Burxa, mahali pa mazoezi ya bendi, pa mikutano, na pa kuandaa sherehe za mtaa zisizodhaminiwa na manispaa. Tarehe 26 Mei 2014 polisi walilivamia, kisha tingatinga likaanza kubomoa. Usiku majirani waligonga sufuria madirishani, barabarani kukawaka moto, na tingatinga lenyewe likachomwa. Baada ya usiku kadhaa wa vurugu Trias alisitisha ubomoaji. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi: meya aliyewahi kuungua kwa Can Vies aliona afadhali ailipie Banc Expropiat kodi kuliko kuona moto mwingine.

Vurugu zilichukua kurasa za mbele. Kilichofuata kilipata nafasi ndogo, nacho ndicho cha kuchunguza. Jumamosi ya wiki ileile mamia ya watu walikuja na glavu na ndoo kuondoa kifusi. Wasanifu majengo wa ushirika wa Lacol, ulioanzishwa hapohapo Sants na wanafunzi mwaka 2009, walisaidia kuchora namna ya kujenga upya. Michango ilikusanywa kwa maelfu ya Euro. Matofali mazima yalichambuliwa kutoka kwenye kifusi yatumike tena. Waliotengeneza gazeti na kuandaa sherehe kwa miaka 17 walikuwa wameweka akiba bila kujua, akiba ya watu wenye deni la wema kwao.

Umbali wa kutembea tu kutoka hapo, katika kata ya La Bordeta, kuna Can Batlló, kiwanda kikubwa cha nguo cha karne ya 19. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1976 uliahidi kwamba eneo hilo litakuwa bustani na huduma za umma. Halikuwa. Wazee wa chama cha wakazi, waliopigania mitaa yao tangu zama za Franco, walikumbusha, wakaandamana, wakazeeka. Mwaka 2009 wao na vijana wa mtaa walitangaza kampeni yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, Tic-Tac Can Batlló: kama ujenzi hautakuwa umeanza ifikapo tarehe 11 Juni 2011, tutaingia wenyewe. Siku chache kabla ya tarehe hiyo jengo moja, Bloc Onze, lilikabidhiwa kwao. Waliingia kwa maandamano kama walivyoahidi, ila waliingia wakiwa na funguo.

Tarehe hiyo ina maana zaidi kuliko inavyoonekana. Wiki nne kabla, tarehe 15 Mei 2011, viwanja vya miji ya Hispania vilijaa vijana wasio na chama wala kiongozi, waliochoshwa na mabenki na wanasiasa. Walipotoka viwanjani walienda mitaani kuunda mabaraza. Mengi yalififia kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa hayakuwa na cha kufanya zaidi ya kukutana. La Sants lilikuta jengo lenye paa la kurekebisha. Msomaji wa Kenya analijua swali hili. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakijivunia kutokuwa na kiongozi, chama wala kabila. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatausaini. Umati usio na kiongozi unaweza kumshinda mtawala kwa wiki moja. Mwaka unaofuata unahitaji pa kukaa.

Ndani ya Bloc Onze kitu cha kwanza kilikuwa maktaba, iliyopewa jina la Josep Pons, mmoja wa wapiganaji wa muda mrefu wa Can Batlló. Kisha baa, ukumbi, karakana ya useremala, mtambo wa uchapaji, ukuta wa kupanda kwa kamba, bustani za mboga. Wastaafu na wavamizi wa majengo walijikuta wakikaa meza moja, na naamini mchanganyiko huo umefanya kazi kubwa kuliko itikadi. Kijana aliyelelewa katika majengo ya kukaliwa kwa nguvu anajua kuunganisha umeme na kuendesha mkutano bila mwenyekiti. Mzee wa chama cha wakazi anajua afisa gani wa manispaa aliahidi nini mwaka gani, na ana mchana mzima wa kukaa maktaba zamu yake ikifika. Kundi la rika moja hufa rika hilo likipata watoto au kazi ya usiku.

Uamuzi mkubwa hufanywa katika mkutano wa wote, na shughuli za kila siku katika kamati. Hapa panataka ukweli ambao wapenzi wa jambo hili huupaka sukari. Mkutano usio na mkuu huzaa wakuu wasiochaguliwa: mwenye muda mwingi, mwenye sauti, aliyekuwepo tangu mwanzo, anayeshika funguo. Anayemlaza mtoto saa mbili usiku hayupo uamuzi unapofanyika saa tano. Kinachosaidia ni vitu visivyo na mvuto: zamu zilizoandikwa ukutani, kumbukumbu zinazosomwa na asiyekuwepo, mkutano unaokwisha kwa saa iliyotajwa, kazi ya kuongoza mazungumzo inayozunguka. Mwanachama yeyote wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, anaelewa mantiki hii. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, bila kumtuhumu yeyote wizi, maana anayeaminiwa peke yake hubebeshwa mzigo peke yake, na siku akichoka anaondoka na kikoba kizima kichwani mwake. Miradi mingi ya kianakisti huuliwa na uchovu wa watu watano kabla polisi hawajafika.

Fedha ni mlango wa pili ambako kanuni hugonga ukuta. Kuishi kwa michango na mauzo ya baa kunatosha taa na karatasi, lakini hakujengi nyumba. Sants imepata njia kwa kupitia ushirika. Mwaka 1995 ulianzishwa Barcelona ushirika wa fedha wa Coop57. Mizizi yake iko kwa wafanyakazi wa Bruguera, nyumba ya uchapishaji iliyofilisika katika miaka ya 1980. Sehemu ya fidia walizopata waliiweka mfuko mmoja wa kukopesha vyama vya ushirika vingine. Hii naiona hadithi nzuri kuliko nyingi za vita: watu waliopoteza kazi wakageuza fidia kuwa mtaji wa wenzao wasiowajua.

Mfuko huo ulisaidia kujenga La Borda, jengo la nyumba 28 ndani ya eneo la Can Batlló, lililokamilika mwaka 2018, kwa sehemu kubwa la mbao, lililosanifiwa na Lacol walewale. Ardhi ni ya manispaa, imekodishwa kwa miaka 75. Hakuna mkazi anayemiliki nyumba yake. Anatoa amana inayorudishwa akiondoka, kisha analipa ada ya mwezi, na hawezi kuiuza wala kuikodisha kwa watalii. Dobi ni moja, chumba cha wageni ni cha wote. Mwaka 2022 jengo hilo lilipata tuzo ya Ulaya ya usanifu ya Mies van der Rohe kwa wasanifu chipukizi. Nyumba 28 katika jiji la watu zaidi ya milioni moja na nusu ni tone, na amana yake si ya kila mtu. Msafisha hoteli aliyefika juzi kutoka Honduras hana maelfu ya Euro ya kuweka mezani. Hilo lazima lisemwe.

Sasa dola. Mwaka 2019 manispaa chini ya Colau iliipa Can Batlló haki ya kutumia zaidi ya mita za mraba 13,000 kwa miaka 30, inayoweza kuongezwa hadi 50, ikikubali kwamba kazi ya kujitolea inayofanyika humo ina thamani kubwa kuliko kodi ambayo ingedaiwa. Kwa wengi ulikuwa ushindi. Kwa baadhi ya waanakisti ilikuwa kamba shingoni, ndefu lakini kamba. Ubishi huu una babu yake. Novemba 1936, katikati ya vita, waanakisti wanne waliingia serikali ya Hispania kama mawaziri, mmoja wao Federica Montseny, waziri wa afya. Walidhani watayalinda mapinduzi kutoka ndani. Kufikia Mei 1937 wafanyakazi wao walikuwa wakipigana na polisi wa jamhuri katika mitaa ya Barcelona, na mawaziri wakitangaza redioni waweke silaha chini.

Je, mkataba wa 2019 ni jambo lilelile? Sidhani. Montseny na wenzake walichukua vyeo na kuacha nguvu yao mitaani iamuliwe na wengine. Can Batlló ilichukua jengo na haikupeleka mtu ofisini. Mkutano wa wote bado ndio unaoamua nani atumie ukumbi. Ila hatari ni ya polepole: ripoti za usalama wa moto, bima, hesabu zinazotakiwa kwa muundo fulani, kisha haja ya mtu anayezielewa, kisha haja ya kumlipa. Siku moja anayezielewa karatasi ndiye anayejua kinachowezekana. Can Vies na Can Batlló zimesimama karibu karibu, moja bila mkataba, nyingine na mkataba, na nadhani kila moja inamhitaji mwenzake. Manispaa inayokumbuka tingatinga lililochomwa huwa na adabu mezani. Na wale waliokataa meza hupata karakana na ukumbi kwa waliokubali.

Kuwa na historia ndefu peke yake hakumwokoi mtu. CNT yenyewe ilipohalalishwa mwaka 1977 ilijaza Montjuïc umati mkubwa Julai ile, magazeti yakaandika kwamba jitu limeamka. Januari 1978 ukumbi wa burudani wa Scala ulichomwa baada ya maandamano ya CNT, wafanyakazi wanne wakafa, na jina la shirikisho likachafuka huku mtoa habari wa polisi akiwa katikati ya kesi. Lakini lililolimaliza ni ugomvi wa ndani, kama lishiriki uchaguzi wa wawakilishi viwandani au lisishiriki. Ulizaa mgawanyiko na kesi ya miaka kuhusu nani ana haki ya jina. Wakati wanabishana juu ya usafi, wafanyakazi walijiunga na vyama vingine.

Tishio la leo halivai sare. Kodi za nyumba Sants zimepanda pamoja na za jiji zima, kwa utalii na kwa wawekezaji wanaonunua majengo mazima. Mtu aliyefundisha useremala Bloc Onze anahamia mji jirani wa L'Hospitalet au mbali zaidi, anakuja kwa metro mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu haji. Ndiyo maana kazi ya nyumba imerudi kuwa kitovu, kama 1931. Barcelona ndiko lilikozaliwa mwaka 2009 jukwaa la walioelemewa na mikopo ya nyumba, PAH, na mwaka 2017 chama cha wapangaji, Sindicat de Llogateres. Sants ina kundi lake, Grup d'Habitatge de Sants. Makundi ya namna hii yana utaratibu mmoja unaofanana. Mwenye barua ya mahakama haingii chumba cha faragha na mtaalamu. Anaisoma mbele ya wote, na anayejibu ni mwingine aliyepata barua kama hiyo mwaka jana. Kisha anaambiwa tarehe ambayo jirani mwingine atatimuliwa, aende akasimame mlangoni kwake.

Wengi husaidiwa, husimama mlangoni mara moja au mbili, halafu hawaonekani tena, na hakuna anayeweza kuwalaumu watu wenye kazi mbili. Wachache hubaki. Kati ya hao, katika Sants ya sasa, wamo wasiozaliwa Catalonia, na baadhi bado wanajifunza lugha inayotumika mkutanoni. Mwaka 2049 muda wa kwanza wa Can Batlló utakapokwisha, vijana walioingia na funguo mwaka 2011 watakuwa na miaka 60 hivi, na ombi la kuongezewa miaka 20 litaandikwa na watu hawa, kama mkutano utakuwa umewapa nafasi ya kusema.